Tope la maji lenye amini: nunua kama machekeche yako tayari

Kampuni tatu kubwa zinazouza matope ya kuchorongea visima vya mafuta na gesi zina kila moja jina lake kwa bidhaa ya aina hii: M-I SWACO inauza ULTRADRIL, Baroid ya Halliburton inauza HYDRO-GUARD, Baker Hughes inauza PERFORMAX. Lengo ni moja, yaani tope linalochanganywa kwa maji lakini linalotuliza mwamba wa udongo karibu sawa na tope la mafuta. Njia zao hazifanani. PERFORMAX imeegemea zaidi misombo ya alumini na chembe za polima zinazoziba vitundu vya mwamba. Hapa tunapima kundi la amini, ambalo ULTRADRIL ni mfano wake unaojulikana, pamoja na yale yanayochanganywa na kampuni ndogo kwa mapishi ya karibu na hayo.

Hukumu yenyewe tuitoe mapema. Tope hili ni zuri, na kwa sehemu ya katikati ya kisima yenye udongo unaovimba ni bora kuliko tope la kloridi ya potasiamu lililozoeleka. Lakini si dawa ya mtambo mbovu. Mwenye machekeche mawili (nyavu zinazotikisika kutenga chenga za mwamba na tope) yaliyochakaa na sentrifuji (pipa linalozunguka kwa kasi kutenga chembe ndogo) isiyowaka atalipa bei ya juu na kupata matokeo ya tope la kawaida, halafu atamlaumu muuzaji.

Mapishi ya mita moja ya ujazo, kwa shimo la inchi 12¼ na tope la uzito wa kati, huwa karibu hivi: kloridi ya potasiamu kilo 50 hadi 70, zanthani kilo 2 hadi 4 ili tope libebe chenga za mwamba, PAC (polima ya selulosi) ya mnato mdogo kilo 6 hadi 10 kupunguza maji yanayochujika kuingia ardhini, amini ya kimiminika lita 20 hadi 30, polima ya kufunika chenga kilo 3 hadi 8, kilainishi cha kuzuia udongo usigande kwenye kekee (kichwa kinachokata mwamba) lita 10 hadi 30, kisha baraiti, unga wa madini mazito, hadi uzito unaotakiwa ufikiwe. Karatasi nyingi za bidhaa hizi zimeandikwa kwa vipimo vya Marekani, ratili kwa pipa. Zidisha kwa 2.85 upate kilo kwa mita ya ujazo.

Kinacholipiwa ni amini. Udongo unaovimba umejengwa kwa majani membamba sana yenye chaji hasi, na katikati yake hukaa ioni za sodiamu zinazovuta maji. Maji yakiingia majani yanaachana, ukuta wa shimo unalainika, vipande vinaanguka, bomba linanasa. Potasiamu husaidia kwa sababu ioni yake ina ukubwa unaoingia sawasawa kwenye vishimo vya uso wa majani hayo, na haikumbatii maji mengi kama sodiamu. Udhaifu wake ni kwamba kazi hiyo inategemea wingi wake ndani ya tope: kiwango kikishuka, sodiamu inarudi mahali pake na udongo unaanza kuvimba tena. Molekuli ya amini ina vichwa kadhaa vyenye chaji chanya kwenye mnyororo mmoja, kwa hiyo hushika majani mawili jirani kwa wakati mmoja, na kuing'oa si rahisi. Ndiyo maana ukuta uliokwisha tulizwa na amini huvumilia zaidi siku ambazo tope limezembewa kidogo.

Kabla ya kusaini chochote, dai kipimo cha kuvingirisha kwa joto, na dai kifanywe kwa chenga za eneo lako. Chenga za brosha zimechaguliwa na mwenye brosha. Chukua chenga za kisima cha jirani, zile ambazo hazikukaa kwenye tope lenye vizuizi vya kuvimba, zikaushe, ziponde na uzichekeche ubaki na vipande vya milimita 2 hadi 4. Tia gramu 20 kwenye mililita 350 za tope, funga kwenye chupa ya chuma, vingirisha saa 16 kwa joto la nyuzi 65, kisha mimina juu ya wavu wa nusu milimita. Osha taratibu, kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, pima. Fanya hivyo kwa matope manne: maji matupu, kloridi ya potasiamu yenye PHPA (polima ya akrilamidi ya kufunika chenga) ya kawaida, tope la amini linalouzwa, na tope la mafuta.

Maji matupu yakirudisha sehemu ndogo tu ya chenga, udongo wako ni mkali na kipimo kina maana. Yakirudisha karibu zote, mwamba wako hauvimbi, na hakuna sababu ya kulipia amini. Tope la amini likipita lile la PHPA kwa pointi mbili tatu tu, baki na PHPA. Muuzaji akikuonyesha asilimia 102, ujue hakukausha: chenga zimekunywa maji na zinapimwa nayo.

Kuna kipimo cha pili ambacho wengi hukiruka, nacho ni muhimu kwa bidhaa hii. Weka kipande cha chuma laini ndani ya chupa hiyo hiyo pamoja na chenga, vingirisha kwa muda mfupi, toa, pima udongo uliogandia chuma. Tope lenye kizuizi kizuri cha kuvimba lakini lisilo na kilainishi cha kutosha huacha chenga katika hali mbaya kuliko zote: hazijayeyuka, wala hazijakauka, zinanata. Hizo ndizo zinazovisha kekee koti la udongo na kushusha kasi ya kuchoronga hata kama uzito juu ya kekee umeongezwa.

Kwenye kuchanganya, kosa la kwanza huanzia kwenye maji. Pima ugumu wa maji. Kalsiamu ikizidi miligramu 200 kwa lita, tibu kwanza kwa magadi soda, maana polima ya kufunika hujikunja na kuanguka mbele ya kalsiamu. Kwa wenzetu wa Kenya na Tanzania, magadi haya hayahitaji kutoka mbali: Magadi, Kajiado, wanayazalisha. Kisha zanthani na PAC ziingie kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa sababu hapo hunyonya maji na kufunguka mapema zaidi. Mfuko wa kilo 25 wa zanthani upewe nusu saa kwenye hopa, faneli ya kuchanganyia. Ukimwagwa kwa dakika tano unapata mabonge yenye unga mkavu ndani, na mabonge hayo yataishia kwenye nyavu za chekeche, yaani umenunua polima ukaitupa. Chumvi ifuate, halafu amini, halafu polima ya kufunika, polepole kuliko zote. Baraiti mwisho.

Kloridi ya potasiamu nayo ina mtego. Mbolea ya MOP inayouzwa kwa wakulima ni chumvi hiyo hiyo, na ni rahisi kuipata. Daraja la asilimia 60 za oksidi ya potasiamu lina takriban asilimia 95 za kloridi. Tatizo ni zile asilimia tano, na dawa inayopakwa ili mbolea isigandamane: udongo, chuma na mafuta ya kupaka huleta povu na kuchafua kipimo cha chujio. Inatumika, ila yeyusha kwanza kwenye tangi la pembeni, acha itulie, tumia maji ya juu, na uwe na dawa ya povu karibu.

Amini yenyewe inachoma. Miwani ya kufunga macho, glavu ndefu na maji ya kuoshea macho viwe pale pale kwenye hopa, si kwenye kontena la ofisi. Chumba cha machekeche kikianza kunuka amonia, usifungue madirisha tu na kuendelea, angalia na pH: polima za jamii ya akrilamidi huvunjika pH ikipita 10 na kutoa gesi hiyo. Weka pH kati ya 9 na 9.5. Amini hupandisha pH peke yake, kwa hiyo soda kostiki mara nyingi haihitajiki kabisa, ingawa mafundi waliozoea matope ya zamani huitia kwa mazoea.

Tuje kwenye machekeche, mahali ambapo fedha inapotelea. Shimo la inchi 12¼ lenye urefu wa mita 1,000 linatoa mita za ujazo 76 za mwamba, bila kuhesabu ukuta uliobomoka. Tope la aina hii halipendi mwamba uliosagwa uzidi asilimia 5 ya ujazo wake. Vifaa vyako vikitoa asilimia 60 tu ya mwamba huo, mita za ujazo 30.4 zinabaki kwenye tope, na ili ziwe asilimia 5 unahitaji jumla ya mita za ujazo 608 za tope. Vikitoa asilimia 85, zinabaki 11.4, na jumla inashuka hadi 228. Tofauti ni mita za ujazo 380 za tope lenye amini, PAC, zanthani na baraiti, na ukishazichanganya utalipa tena kuzitupa. Hakuna punguzo la bei ambalo muuzaji anaweza kukupa likafikia hapo.

Kwa hiyo machekeche matatu au manne yenye mtikisiko kamili, nyavu za akiba za kutosha, na sentrifuji moja inayofanya kazi saa zote ni sehemu ya gharama ya tope hili. Tope jipya lenye polima ndefu litafurika juu ya nyavu nyembamba katika mizunguko ya mwanzo. Anza na wavu wa API 80 au 100 (namba ikipanda, matundu yanakuwa madogo), kisha polima ikishakatwakatwa na matundu ya kekee, panda hadi API 140, halafu 170 na 200. API 200 hukata kwenye mikromita 74, na baraiti inayokidhi kiwango inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 3 ya chembe zilizo juu ya mikromita 75. Kupanda zaidi ya hapo ukiwa na tope zito ni kutupa baraiti uliyoinunua. Asiyekuwa na subira huweka nyavu pana "kwa muda", na muda huo unakuwa sehemu nzima ya kisima.

Mwamba uliosagwa haujitangazi. Dalili ya kwanza ni mnato wa plastiki kupanda siku hadi siku huku nguvu ya kuanza kutiririka ikibaki ilipo. Toa usomaji wa mizunguko 300 kwa dakika kwenye ule wa 600 wa viskomita, yaani kipima mnato: hiyo namba ikipanda bila uzito wa tope kuongezwa, chembe ndogo zinajazana. Thibitisha kwa methilini buluu, rangi inayoshikwa na udongo. Mililita 2 za tope, mililita 10 za maji, mililita 15 za peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3, nusu mililita ya asidi ya salfa ya 5N. Chemsha taratibu dakika 10, ongeza maji hadi mililita 50, kisha dondoshea buluu hadi duara la bluu nyepesi litokee kwenye karatasi ya chujio na lisipotee baada ya dakika mbili za kukoroga. Gawa mililita za buluu kwa mililita za tope, zidisha kwa 14.25. Ikifika kilo 43 kwa mita ya ujazo, punguza kwa tope jipya leo hii. Usiruke ile hatua ya kuchemsha na peroksidi. Polima hugombania nafasi na buluu, na bila hiyo namba yako itakudanganya.

Usitie humo lignosulfonati kupunguza mnato, hata kama mkuu wa mtambo anapiga kelele. Hiyo ni dawa ya kutawanya udongo, na umelipa ili udongo usitawanyike.

Kiwango cha amini kipimwe kila siku kwa kifaa cha muuzaji, na kiongezwe kulingana na mita zilizochorongwa. Inashuka hata kama hakuna tope lililopotea, kwa sababu inaondoka ikiwa imeshikamana na chenga. Jicho nalo linasaidia. Chenga nzuri ina alama za meno ya kekee, ukiivunja ndani ni kavu na ngumu. Ikiwa nje laini na ndani ngumu, kizuizi kimepungua. Ikiwa laini mpaka ndani, umechelewa.

Saruji ndiyo adui wa papo kwa hapo. Ukitoka kwenye keshingi (bomba la chuma linaloshikilia ukuta wa kisima) utakutana na plagi ya saruji, na saruji mbichi huleta kalsiamu na pH ya juu kwa pamoja, vitu viwili visivyovumilika kwa polima ya kufunika. Choronga saruji kwa tope la zamani au maji ya bahari kama ukuta unaruhusu, badilisha tope baadaye. Kama huna nafasi hiyo, tangulia kutia baikabonati ya sodiamu kilo 1.5 hadi 3 kwa mita ya ujazo na uwe na asidi ya sitriki mkononi kushusha pH. Ukisubiri kuona chujio limeharibika, tope la uso wa mtambo limeshaharibika lote.

Kuna visima ambavyo bidhaa hii hatuipendekezi, na wauzaji wenye heshima watakuambia vivyo hivyo. Cha kwanza ni kisima cha joto. Zanthani huanza kulegea karibu na nyuzi 120, PAC huvumilia hadi karibu 150. Juu ya hapo unahitaji polima maalumu za sintetiki au tope la mafuta. Cha pili ni kisima kinachoenda mbali kwa ubapa. Kwenye kipima msuguano, maji matupu husoma 0.34, tope la maji lenye kilainishi kizuri likishuka hadi kati ya 0.15 na 0.2 limefanya vizuri, ilhali tope la mafuta hukaa karibu na 0.1 bila jitihada. Tofauti hiyo, kwa bomba la kilomita nne lililolala, ndiyo inayoamua kama mtambo utaweza kulizungusha.

Cha tatu ni maji ya kina kirefu. Kisima cha Zafarani, kilichochorongwa na Statoil mwaka 2012 kwenye Kitalu namba 2 nje ya pwani ya kusini ya Tanzania, kilianzia chini ya zaidi ya mita 2,500 za maji. Huko sakafuni joto ni nyuzi chache tu juu ya sifuri na shinikizo la maji peke yake linazidi bar 250. Gesi ikikutana na maji ya tope katika hali hiyo huganda kuwa haidreti, kitu kama barafu, na kuziba mistari ya usalama. Asilimia 5 za kloridi ya potasiamu hazitoshi kuizuia. Unahitaji chumvi nyingi zaidi na glikoli, na hapo ugumu unaongezeka kuliko faida. Kwa visima vya namna hiyo tope la mafuta ya sintetiki lenye mnato usiobadilika ndilo maendeleo makubwa ya kweli: usomaji wa viskomita kwenye mizunguko 6, nguvu ya kuanza kutiririka na jeli ya dakika 10 hukaa karibu palepale kuanzia nyuzi 4 hadi 65, kwa hiyo tope halinenepi kwenye bomba refu la baridi na kupasua mwamba dhaifu chini. Ila gesi huyeyuka ndani ya mafuta, na ongezeko kwenye matangi huonekana dogo kuliko hatari yenyewe. Timu iizoee hali hiyo mapema.

Kinachouza tope la amini zaidi ya yote ni chenga zake. Kanuni za Marekani za mwaka 2001 zinaruhusu kumwaga baharini chenga zenye mafuta ya sintetiki yasiyozidi asilimia 6.9, au 9.4 kwa yale ya esta; katika Bahari ya Kaskazini, uamuzi wa OSPAR (mkataba wa kulinda bahari ya Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki) wa mwaka 2000 umeweka asilimia 1 kwa chenga zenye mafuta, na kufikia hapo kunahitaji tanuru. Tope la maji linakwepa mashine hizo. Nchi kavu hesabu ni nyingine. Kilo 50 za kloridi ya potasiamu kwenye mita ya ujazo zinaacha kloridi karibu miligramu 24,000 kwa lita, zaidi ya maji ya bahari. Mahali kama miradi ya mafuta ya Uganda, Tilenga, ambako visima viko ndani na kando ya Hifadhi ya Murchison Falls, au Kingfisher kwenye ufuko wa Ziwa Albert, swali la kwanza ni chumvi hiyo itaishia wapi. Hapo ndipo amini inapoonyesha faida ambayo brosha haziisemi vya kutosha: inaruhusu kupunguza kloridi sana, au kuibadili na fomati au salfati ya potasiamu, bila ukuta kubomoka. Ni ghali zaidi kwa mfuko. Linganisha na gharama ya kusomba maji ya chumvi kwa malori.

Ukiamua kununua, mkataba usiwe wa bei ya mfuko peke yake. Omba bei kwa mita iliyochorongwa au kwa sehemu nzima ya kisima, yenye kikomo cha mita za ujazo za tope jipya, na machekeche na sentrifuji viwe chini ya mkataba huohuo. Muuzaji anayelipwa kwa mfuko hana sababu ya kuhangaikia nyavu zako. Andika pia kwamba mifuko ambayo haijafunguliwa inarudishwa, na kagua polima bandarini, Mombasa au Dar es Salaam, kabla hazijalala ghalani: unyevu wa pwani hugeuza mfuko wa zanthani kuwa tofali, na tofali haliingii kwenye hopa.